Bakteria wa tumboni na uzazi wa samaki

Juma lililopita nilimtembelea mfugaji mmoja wa sato. Mabwawa yake yamejaa maji, lakini vifaranga ni haba. Alinionyesha pakiti ya unga aliyoinunua kwa bei ya kuumiza. Ameambiwa kwamba akiuchanganya na chakula, samaki wake watazaa maradufu. Akaniuliza, "Mzee, ni kweli haya, au nimeliwa?"

Unga ule huitwa probayotiki. Ni bakteria hai walio rafiki wa mwili, jamaa wa wale wanaogandisha maziwa yakawa mtindi. Tumboni mwa samaki mna bakteria wengi. Wamo wanaosaidia kumeng'enya chakula, na wamo waletao maradhi. Probayotiki huwaongezea wale wema nguvu ili wale wabaya wakose nafasi.

Mtauliza, tumbo na mayai vina uhusiano gani? Kiini cha yai ni akiba ya chakula cha kifaranga katika siku zake za kwanza. Jike asiyefaidi chakula chake hana cha kuweka akiba. Tena, ubongo hupokea habari za shibe kutoka mwilini, na habari hizo huchangia katika kutoa homoni za uzazi.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 2007 watafiti wa India walitangaza matokeo ya majaribio ya mwaka mzima. Waliwalisha samaki wa mapambo wanaozaa watoto hai bakteria aina ya Bacillus subtilis, waliotolewa katika utumbo wa samaki wa huko. Majike hao walizaa watoto wengi zaidi, na waliosalimika walikuwa wengi zaidi. Mwaka 2010 watafiti wa Ancona, Italia, walitumia Lactobacillus rhamnosus kwa samaki mdogo mwenye milia kama ya pundamilia. Baada ya siku 10 tu mayai yaliongezeka.

Kwa hiyo jambo lenyewe si uongo. Lakini samaki wale si sato, na tangi la maabara si bwawa la shambani. Kisha bakteria hawa ni viumbe hai. Ukiwachanganya na chakula cha moto, wengi watakufa; ukitia dawa za kuua bakteria bwawani, umewaua pia. Jamii ya Bacillus hustahimili ukavu na joto kuliko jamii ya mtindi.

Nilimshauri mfugaji yule ajaribu mwenyewe. Agawe majike walio sawa kwa umri na uzito katika mabwawa mawili, awape chakula kilekile, ila unga utiwe upande mmoja tu. Ahesabu vifaranga kwa mizao kadhaa. Hesabu hiyo itamwambia kama fedha yake imerudi.

Lakini kwanza tulivuta wavu. Madume walikuwa wengi kuliko majike! Kwa sato, dume mmoja hutosha majike wawili au watatu. Chakula chao nacho kilikuwa pumba tupu, ilhali samaki wazazi huhitaji protini asilimia 30 hadi 40. Hakuna pakiti itakayoziba pengo hilo. Atengeneze kwanza hayo mawili, ndipo afungue unga wake.

Hadi juma lijalo, kwaherini.