Daftari Lililofungwa Halimlindi Mfanyakazi



Mkata michikichi anajua hesabu. Anajua ameangusha mikungu mingapi na mingapi imefika kwenye mizani. Ndiyo maana chama hakikubali mshahara usio na karatasi: mtu aone alichofanya na aone alichokatwa. Leo tunasema kwamba hesabu ya serikali ni ya namna hiyo hiyo. Kodi ya soko ni jasho letu, na ardhi ndiyo chakula chetu. Basi kikao kinachoamua mambo hayo kiwe wazi, na daftari linaloyaandika lisomeke.

Kwingine haya yataonekana kuwa maneno ya mawakili. Hapa Rumonge sivyo. Mwishoni mwa Aprili 1972 machafuko yalizuka katika pwani hii ya ziwa, Rumonge na Nyanza-Lac, yakafuatwa na mauaji makubwa yaliyofanywa na serikali ya wakati ule nchini kote. Maelfu ya watu walikimbilia Tanzania na Zaire. Mashamba waliyoyaacha walipewa watu wengine, na mengine yakaingizwa katika miradi ya michikichi. Mara nyingi aliyepewa alipewa na ofisi. Aliyekimbia hakuulizwa wala hakusikia uamuzi.

Kuanzia 2008 wengi wa wakimbizi hao walirudi kutoka makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Wakamkuta mtu shambani, ana watoto waliozaliwa hapo, na mara nyingi ni mvujajasho kama wao. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa 2006, kwanza iliwahimiza wagawane. Baadaye ikaelekea kumrudishia shamba lote aliyekimbia. Kila njia iliacha nyumba moja na uchungu. Sisi hatuandiki haya ili kuamua nani mwenye haki. Tunachosema ni kwamba wafanyakazi wawili waligombanishwa na maamuzi yaliyofanywa mlango ukiwa umefungwa.

Sheria ya ardhi ya 2011 ilifungua mlango kidogo. Iliweka ofisi za ardhi za tarafa, zinazotoa vyeti. Kabla ya cheti kutolewa, ombi hutangazwa, kamati ya kilima huenda shambani, majirani huitwa, mipaka huonyeshwa mbele ya watu, na mwenye pingamizi hupewa nafasi ya kulitoa. Huo ni mkutano wa hadhara na daftari la hadhara kwa pamoja. Lakini asiyesoma tangazo, au aliyekuwa zamu siku ile, anaweza kusikia habari za mpaka wake wakati cheti cha jirani kimekwisha kutoka.

Je, karatasi iliyobandikwa ukutani inaweza kubadili kitu? Tuwatazame jirani zetu wa Uganda. Serikali yao ilikuwa ikitoa fedha kwa shule za msingi kwa hesabu ya wanafunzi. Uchunguzi wa miaka ya 1991 hadi 1995 ulionyesha kwamba, kwa wastani, asilimia 13 tu ya fedha hizo ilifika shuleni. Ndipo serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa, na shule zikatakiwa kubandika hesabu zao mahali pa wazi. Kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa ikifika. Marekebisho mengine nayo yalisaidia. Hata hivyo mzazi anayesoma hesabu ukutani ni mkaguzi asiyehitaji mshahara.

Hatusemi kwamba kazi hii ni nyepesi. Ernest Manirumva, makamu wa rais wa OLUCOME, shirika linalopambana na rushwa, aliuawa Bujumbura usiku wa kuamkia 9 Aprili 2009. Nyumbani kwake lilikutwa jalada tupu lenye damu. Fundisho lake kwetu ni hili: kudai karatasi kusiachwe kuwe kazi ya mtu mmoja. Anayeuliza peke yake hunyamazishwa. Wakiuliza mia moja, swali limekuwa la mji mzima. Tena haki yenyewe si ya kuomba kama sadaka. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao Burundi imeuridhia, unasema katika kifungu cha 9 kwamba kila mtu ana haki ya kupata habari.

Wakati wa kuuliza ndio huu. Sheria ya 2023 ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5, na tarafa kutoka 119 hadi 42. Rumonge, iliyofanywa mkoa mwaka 2015, si mkoa tena. Ofisi zikiunganishwa, makabati nayo huhama, na jalada likipotea njiani, anayelia ni mwenye shamba dogo.

Kwa hiyo tunawaomba wanachama mambo manne. Kwanza, kila kikundi cha kazi kimchague mtu mmoja wa kusoma matangazo ya tarafa na ya kilima kila juma, awasomee wenzake wasiojua kusoma. Pili, siku ya kupima mpaka, wenzake wa zamu wamshikie kazi anayehusika ili afike. Tatu, tuwaulize kwa adabu wakuu wetu wa tarafa: madaftari ya ardhi ya tarafa za zamani yako wapi, na nani anayatunza? Nne, baada ya kila mkutano tuandike tarehe, waliohudhuria na kilichokubaliwa, na nakala ikae kwenye chama.

Baraza la kilima huchaguliwa na wakazi wenyewe. Aliyechaguliwa na watu asichoke kuulizwa na watu. Tukienda wengi, tukasikiliza, tukaandika, watoto wetu hawatarithi ugomvi ambao asili yake hakuna anayeijua.

Umoja ni nguvu.