Unakarabati gari la zamani nyumbani? Soma kabla hujawasha grainda

Asubuhi moja mzee mstaafu alifika kituoni kwetu akitetemeka, amevaa koti zito na hali jua lilikuwa limeshawaka. Alikuwa na homa, kiu, maumivu ya viungo na ladha kama ya chuma mdomoni. "Sista, malaria hii imenikamata usiku mmoja tu," aliniambia. Tulimpima. Hakuwa na malaria.

Nikamuuliza, "Baba, jana ulifanya kazi gani?" Akasema alikuwa akichomelea sakafu ya Peugeot 404 yake. Kutu ilikuwa imeila mpaka barabara inaonekana chini ya miguu, akaziba matundu kwa bati lililobaki alipotengeneza mifereji ya maji ya mvua. Jibu likawa hapo. Bati lile lilikuwa limepakwa zinki.

Nimekutana na wazee kadhaa wenye magari ya namna hii, na vijana pia siku hizi. Ninawaelewa. Peugeot 404 ilishinda mbio za Safari mara nne katika miaka ya 1960, na mtu aliyelelewa akiliona gari hilo hataki kulikata vyuma chakavu. Kwa sisi wa pwani kutu haina huruma, maana hewa yenyewe ina chumvi. Kwa hiyo sikuambii uache. Ninakueleza kazi hii inaingiaje mwilini mwako na mwilini mwa wale mnaoishi nao, kwa kuwa karakana ina mlango wa kufunga, ila uani kwako kuna watoto.

Homa ya bati la zinki

Ukichomelea bati lenye zinki, joto huigeuza zinki kuwa moshi mweupe. Ukiuvuta, saa 4 hadi 10 baadaye unaanza kusikia baridi, homa, kichwa na mwili mzima kuuma. Mara nyingi hali hiyo huisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili. Tatizo ni kwamba inafanana sana na malaria, na watu wengi humeza dawa za malaria bila kupima. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: kusema "ni moshi tu" kumbe ni malaria kweli. Pima kila mara, na mweleze anayekuhudumia kwamba ulikuwa unachomelea.

Ukianza kukosa pumzi, kifua kikabana au ukakohoa mfululizo, usisubiri siku ya pili. Huenda si zinki. Kwa mfano, baadhi ya dawa za kupuliza za kusafishia breki zina klorini, na mabaki yake yakikutana na moto wa kuchomelea hutoa gesi ya fosjini, ambayo hujaza mapafu maji saa kadhaa baada ya wewe kudhani umepona.

Kinga yake si ngumu. Nunua bati la chuma tupu lisilo na zinki, la unene wa karibu milimita 1. Kwangua rangi na zinki pande zote za mahali utakapochomelea. Fanyia kazi nje, upepo ukupige ubavuni ili moshi usikupande usoni. Moshi wa kuchomelea wa aina yoyote si wa kuuchezea: tangu mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameuweka katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Na maziwa? Kila fundi ataniambia kwamba ukinywa nusu lita baada ya kazi, sumu inatoka. Maziwa yanakwenda tumboni. Moshi umekwenda kwenye mapafu. Kunywa kama unayapenda, ila usiyahesabu kuwa kinga.

Vumbi la rangi ya zamani

Hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Rangi nyingi za magari ya miaka ya 1950 hadi 1970 zilitiwa madini ya risasi, na baadhi ya viwanda vilijaza maungio ya bodi kwa risasi yenyewe, pale ambapo leo fundi angepaka puti. Ukikwangua rangi ukakuta chuma cha kijivu, laini kiasi cha kukwaruzika kwa kisu, simama. Usikipige grainda. Kama rangi ni ya zamani na huna namna ya kuipima, ichukulie kuwa ina risasi.

Ukiipiga grainda rangi hiyo, inakuwa vumbi jepesi linalotua kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye ndoo ya maji, na kwenye mchanga anaochezea mjukuu. Mtoto mdogo hutia mikono mdomoni kutwa nzima, na mwili wake hunyonya risasi anayoila mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima. Inadhuru ubongo unaokua. Mara nyingi huoni dalili yoyote, labda tumbo kuuma, kukosa choo, damu kupungua, mwalimu kulalamika kwamba mtoto hashiki masomo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Kwa mjamzito, risasi hupita kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Hata kuku wanaodonoa uani huipeleka kwenye mayai.

Wengine wataona ninatia chumvi. Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, wakazi walipata sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia. Uani kwako si kiwanda, lakini risasi ni ileile.

Kwa hiyo kwangua kwa mkono, ukitumia msasa wa maji, rangi ikiwa imelowa. Maji hulishika vumbi. (Usimwagie maji huku ukitumia grainda ya umeme, itakuua mapema kuliko risasi.) Tandika turubai chini ya gari. Watoto, wajawazito na kuku wawe mbali, nguo na vyombo viingizwe ndani. Ukimaliza usifagie kikavu wala usijipulize kwa kompresa. Futa kwa tambara bichi. Mabaki yatie kwenye kopo lenye mfuniko, usiyachome wala usiyamwage kwenye bustani ya mchicha. Nguo za kazi zivuliwe nje na zifuliwe peke yake, siyo pamoja na za mtoto. Nawa mikono na uso kabla ya kula, na sigara ukiivuta hapo unaila risasi vilevile.

Barakoa ya kitambaa au ile ya bluu ya hospitali haizuii vumbi hili. Tafuta iliyoandikwa N95, au FFP3 ambayo ni bora zaidi, na inyoe ndevu pale inapogusa ngozi. Najua ushauri huu wa ndevu hauwafurahishi wote.

Macho

Kipande cha chuma kikikuingia jichoni, usikubali mwenzako akitoe kwa njiti ya kiberiti au ncha ya leso. Nimeona macho yaliyoharibiwa na njiti kuliko na chuma. Njoo siku hiyohiyo, kwa sababu kipande cha chuma kikikaa saa chache tu huacha duara la kutu kwenye kioo cha jicho. Naam, jicho nalo hushika kutu. Kama kilikuja kwa kasi, ulipokuwa ukigonga nyundo au diski ilipopasuka, njoo hata kama hakiumi: huenda kimezama ndani. Miwani ya jua haitoshi. Vaa miwani ya kazi iliyoziba pembeni, na kifuniko cha diski ya grainda usikitoe kamwe.

Mwanga wa kuchomelea huunguza jicho bila kukuambia. Unalala vizuri, usiku wa manane unaamka kama umetiwa mchanga. Huwapata pia watoto wanaochungulia dirishani. Kwa kawaida hupona ndani ya siku moja au mbili. Kaa gizani, usisugue, usitie maziwa wala dawa ya macho ya jirani. Ukiona ukungu, au maumivu yakipita siku ya pili, nenda hospitali.

Kupuliza rangi: mwachie mwingine

Rangi nyingi za kisasa za magari huchanganywa na hadina. Ndani ya hadina hiyo kuna kemikali ziitwazo isosaineti, ambazo zinaweza kukupa pumu usiyokuwa nayo. Ukishaipata, tone dogo tu la rangi ileile laweza kukubana kifua tena. Harufu yake haikuonyi mapema, na mafundi stadi huvaa vifaa vinavyoletewa hewa safi kwa mpira. Wewe uani huna hivyo. Maoni yangu: fanya kutu, bati na puti nyumbani, kisha gari lipelekwe kwa fundi mwenye chumba cha kupulizia.

Mengine kwa haraka. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Tangi la mafuta liondolewe kabla ya kuchomelea karibu nalo. Tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Jenereta isiwashwe ndani ya banda lililofungwa. Dawa ya kutoa kutu ikikurukia, suuza kwa maji yanayotiririka dakika 20 kabla ya kufikiria kitu kingine.

Na ukijikata: pepopunda haitoki kwenye kutu, hutoka kwa vijidudu vya udongoni na kwenye vumbi, na bati lililolala uani miaka kumi limejaa udongo. Osha kidonda kwa maji na sabuni, kisha njoo tuangalie kama chanjo yako bado inakukinga. Wanaume wengi wa umri wa yule mzee hawakumbuki waliipata lini.

Ukija kwa sababu ya moshi au rangi, njoo na kopo lenyewe, au piga picha maandishi yake kwa simu. Hiyo hutusaidia kuliko maneno "ilikuwa rangi nyekundu".