VISU VIDOGO VYA INDONESIA: JINSI YA KUVITAMBUA NA KAZI ZAKE

Indonesia ni nchi ya visiwa zaidi ya 17,000, vilivyotandaa baina ya Bahari ya Hindi na Bahari ya Pasifiki. Ijapokuwa ni mbali sana na Afrika ya Mashariki, si nchi ya kigeni kabisa. Mabaharia waliotoka visiwa hivyo zamani za kale ndio waliopeleka Madagaska lugha isemwayo huko mpaka leo, nayo ina udugu na lugha za kusini ya Borneo.

Watu wa visiwa hivyo wamesifiwa tangu zamani kwa uhodari wa kufua chuma, na visu vyao ni vya namna nyingi. Lakini kila mtu afanyaye kazi kwa mikono ajua ya kuwa kisu hufuata kazi. Kotama ya mgema haifanani na panga la mkulima, wala panga halifanani na wembe wa kinyozi. Kwa hiyo, atakaye kuvitambua visu vya Indonesia hana haja ya kukariri majina mengi. Yampasa atazame mambo matatu: makali yako upande gani, mpini umefanywa kushikwa namna gani, na kisu huvaliwa au huwekwa mahali gani.

Visu vya kiunoni

Kusini ya kisiwa cha Sulawesi wakaa Wabugis na Wamakassar, mabaharia hodari. Kisu chao huitwa badik. Kwa kawaida kina makali upande mmoja, na mpini wake umepinda kama mpini wa bastola. Mwanamume alikichomeka kiunoni kuwa alama ya heshima yake na ya jamaa zake, wala hakukichomoa kwa mchezo.

Huko Aceh, katika ncha ya kaskazini ya Sumatra, kisu cha kiunoni ni rencong. Mpini wake hupinda ghafula kama kiwiko cha mkono, na chuma chake ni chembamba chenye ncha kali. Watu wa Aceh ni Waislamu, na wengi wao husema ya kuwa umbo la rencong limefuata maandishi ya Bismillahi. Wadachi walipoanza vita juu ya Aceh mwaka 1873, kisu hiki kilikuwa miongoni mwa silaha za wenyeji katika vita hivyo vilivyodumu miaka mingi.

Waminangkabau wa magharibi ya Sumatra wana kerambit. Hiki ni kifupi, nacho kimepinda kama ukucha wa chui milia. Mwishoni mwa mpini pana tundu la kupitishia kidole ili kisu kisiponyoke mkononi. Tundu hilo ndilo alama yake kubwa. Wasunda wa magharibi ya Java wana kujang, ambayo hutambulika kwa matundu madogo yaliyotobolewa katika chuma chake. Leo kujang imo katika nembo ya jimbo la Java ya Magharibi.

Visu hivi visichanganywe na keris, ambayo kwa kawaida ni ndefu zaidi na sifa zake zimeenea duniani. Chuma cha keris hupanuka karibu na mpini, upande mmoja kuliko wa pili. Chaweza kunyoka au kuwa na mawimbi, na mawimbi hayo yakihesabiwa huwa witiri: matatu, matano, saba na kuendelea. Mwaka 2008 keris iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa wanadamu.

Visu vya kazi

Wadayak wa Borneo huvaa upanga mfupi uitwao mandau, na ubavuni mwa ala yake pana ala nyingine ndogo. Humo hukaa kisu kiitwacho pisau raut. Mgeni akikiona hushangaa, maana chuma chake ni kifupi na mpini wake ni mrefu kupita chuma chenyewe. Akimwona fundi kazini ataelewa sababu. Fundi huubana mpini ule kwa mkono ubavuni mwake, kisha huuvuta ufito wa henzirani juu ya makali, nao huchongeka ukawa mwembamba, sawasawa toka mwanzo hata mwisho. Nyuzi hizo ndizo zisukwazo mikeka na vikapu.

Chombo kingine ni kacip. Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki hawana haja ya kuelezwa sana habari zake, kwa kuwa ni mkasi wa kukatia popoo kwa ajili ya tambuu. Mkono wake mmoja una makali, na wa pili ni wa kulalia popoo. Mafundi wengi huupamba kwa kuchonga kichwa cha ndege au cha farasi.

Kisu cha mavuno

Kilicho kidogo kuliko vyote ni ani-ani ya Java. Asiyejua angeweza kukitupa, akidhani ni kipande cha mbao kilichovunjika. Ni kibao chembamba chenye wembe mfupi ukingoni, na kijiti cha mwanzi kilichopita katikati ya kibao. Mvunaji hukificha kiganjani, wembe ukatokeza kati ya vidole, kisha huvuta suke la mpunga kwa vidole na kulikata. Hukata masuke machache machache tu, wala hafyeki shina zima.

Wajava wa kale waliamini ya kuwa Dewi Sri, mungu wa kike wa mpunga, angetishwa na chombo kikubwa, bali kisu kilichofichwa kiganjani hakimwogofyi. Tena palikuwa na faida nyingine. Mpunga wa zamani ulikuwa mrefu na haukuiva wote pamoja, kwa hiyo mvunaji aliweza kuchagua masuke yaliyoiva na kutenga mbegu njema.

Kazi hii ilikuwa ya wanawake. Katika vijiji vingi mwenye shamba hakuweza kumfukuza aliyekuja kuvuna, na kila mvunaji alipewa fungu lake katika mpunga aliokata. Mwanamke maskini asiye na shamba, akiwa na ani-ani yake, alikuwa na hakika ya kupata chakula cha watoto wake.

Mwaka 1966 mpunga mpya uitwao IR8 ulitolewa na wataalamu huko Ufilipino. Mmoja wa wazazi wake ulikuwa mpunga wa Indonesia uitwao Peta. Mpunga wa namna hii ulikuwa mfupi, uliiva pamoja, na ulizaa sana ukipata mbolea na maji. Mavuno ya nchi yaliongezeka, na hiyo ilikuwa neema kubwa. Lakini mpunga mfupi haukufaa kukatwa kwa ani-ani. Wenye mashamba wengi wakaanza kuuza mpunga ungali shambani kwa wachuuzi, na wachuuzi wakaja na wavunaji wao, aghalabu wanaume wenye mundu. Watu wachache walifanya kazi iliyokuwa ya watu wengi. Wanawake waliofika shambani kama desturi walikuta hapana nafasi yao tena.

Hata hivyo ani-ani haijatoweka. Wabaduy wa Banten, magharibi ya Java, ambao hushika mila za wazee wao, huvuna nayo mpaka leo. Mahali pengi imebaki katika nyumba za makumbusho tu, karibu na keris zilizopambwa kwa dhahabu. Msomaji akibahatika kuviona vyombo hivyo pamoja, na akumbuke ya kuwa keris ilivaliwa na mtu mmoja, bali kile kibao kisicho na pambo kililisha kijiji.