Msaidizi Aliona, Muuguzi Hakuambiwa

Mwaka 2000, daktari Kenneth Boockvar na wenzake wawili walichapisha utafiti mdogo uliofanywa katika nyumba ya kutunzia wazee nchini Marekani. Waliwapa wasaidizi wa wauguzi karatasi fupi ya kuandikia mabadiliko wanayoyaona kwa wazee: huyu hana hamu ya kula, yule amelegea, mwingine leo hasemi. Kisha karatasi hizo zikalinganishwa na mafaili ya wagonjwa. Ikaonekana kwamba wasaidizi waliandika dalili za ugonjwa kwa wastani wa siku 5 kabla hazijaingia kwenye faili.

Siku 5 ni nyingi kwa mtu wa miaka 85. Maambukizi ya njia ya mkojo yakiachwa muda huo huweza kuingia kwenye damu. Upungufu wa maji mwilini humvuruga mzee akili, akaamka usiku peke yake na kuanguka. Wekundu mdogo kwenye nyonga huwa kidonda cha miezi.

Ni rahisi kusema wasaidizi hawakuripoti, au wauguzi hawakusikiliza. Mara nyingi yote mawili hutokea pamoja, na nyuma yake wamo watu waliokwisha kuchokana. Msaidizi aliyejibiwa vibaya Jumatatu hapeleki habari Jumatano. Muuguzi aliyefokewa mbele ya familia ya mgonjwa huanza kukwepa upande ule wa jengo. Uongozi huyaita haya tofauti za tabia, huwaita wawili hao ofisini, huwataka wapeane mikono, na jalada linafungwa. Lakini ndani ya nyumba ya wazee ugomvi huu unagusa usalama wa mgonjwa, na unastahili kushughulikiwa kwa uzito uleule wa dawa iliyotolewa kimakosa.

Kwanza ijulikane nani ni nani. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1987 iliyorekebisha nyumba za wazee Marekani inamtaka msaidizi wa muuguzi, anayejulikana zaidi kwa herufi CNA, asomee kazi kwa saa zisizopungua 75, afaulu mtihani, na jina lake liingie katika rejista ya jimbo. Yapo majimbo yaliyoongeza: California inadai saa 160, Maine 180. Juu yake yupo LPN, muuguzi mwenye leseni aliyesoma takriban mwaka mmoja, na juu ya huyo yupo RN, muuguzi aliyesajiliwa, mwenye miaka 2 hadi 4 ya chuo. Mwaka 2023 mshahara wa kati wa RN ulikuwa dola 86,070 kwa mwaka, wa LPN dola 59,730, na wa msaidizi kama dola 38,000. Anayelipwa kidogo kuliko wote ndiye anayemwosha mzee, anayemlisha, anayemgeuza kitandani na kumpeleka msalani, hivyo ndiye anayeujua mwili wake na hulka yake. Lakini mwenye mamlaka ya kumpigia daktari simu ni mwingine, na kati yao kuna pengo la mshahara, la elimu, na mara nyingi la rangi na la nchi ya kuzaliwa.

Jambo hili linawahusu wasomaji wa Kiswahili kwa karibu. Katika nyumba za wazee za Marekani, takriban msaidizi mmoja kati ya watano ni mhamiaji, na miongoni mwao wamo Wakenya, Watanzania na Wakongo wengi, kuanzia Massachusetts hadi Minnesota na Texas. Baadhi yao walikuwa wauguzi kamili makwao, wenye stashahada ya miaka 3 au zaidi, waliozoea kuendesha wodi nzima. Wanafanya kazi ya usaidizi wakisubiri vyeti vyao vikaguliwe na wafanye mtihani wa leseni, NCLEX. Mtu kama huyo akiambiwa na LPN mwenye mwaka mmoja wa shule kwamba kazi yake ni kuosha, aachane na mambo ya dawa, anaumia kuliko anavyoonyesha. LPN naye hana hiari. Sheria ya uuguzi ya jimbo haitambui leseni iliyotolewa Nairobi au Dar es Salaam, na akimwachia msaidizi agawe dawa, itakayonyang'anywa ni leseni yake yeye LPN. Kila mmoja ana haki yake. Ambacho hakikufanyika ni mwajiri kuwaeleza wote wawili hali hiyo kabla ya zamu yao ya kwanza pamoja.

Magomvi mengi ya kila siku huanza na mambo madogo kuliko hayo. Chukua kengele. Ni saa 2 asubuhi, wakati wa kifungua kinywa. Msaidizi ana wazee kumi au zaidi wa kuamsha, kuvisha na kulisha. Taa ya chumba inawaka, mzee anataka kwenda msalani, na muuguzi amesimama mlango wa pili na toroli la dawa, hasogei. Anayepita mbio na shuka chafu mkononi anaona majivuno. Asichokijua ni kwamba muuguzi huyo ana dawa za wazee ishirini na ushee za kutoa kwa muda uliopangwa, na kukatizwa katikati ya kuhesabu vidonge ni njia inayojulikana ya kumpa mtu dawa isiyo yake. Saa moja baadaye mambo yanageuka. Muuguzi anamkuta msaidizi amekaa na simu, anaona uvivu, wala hajui kwamba mwenzake ametoka kumgeuza mgonjwa wa kilo 110 peke yake kwa kuwa mashine ya kunyanyulia haina chaji. Kila mmoja anaiona ile dakika ya mwenzake ambayo inamhukumu.

Barbara Bowers, profesa wa uuguzi katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, alichapisha mwaka 2003 pamoja na wenzake utafiti kuhusu sababu zinazowafanya wasaidizi waache kazi. Waliowahoji walieleza kwa undani jinsi walivyohisi kupuuzwa, kama watu na kama wenye ujuzi wa kazi. Kupuuzwa kama mtu ni pale ambapo msaidizi amefiwa, na swali la kwanza analoulizwa ni nani atakayeshika zamu yake. Kupuuzwa kama mwenye ujuzi ni pale mpango wa matunzo ya mzee unapoandikwa bila kumuuliza anayemhudumia kila siku. Ukubwa wa tatizo ulionekana katika utafiti wa Ashvin Gandhi, Huizi Yu na David Grabowski wa mwaka 2021, uliotumia kumbukumbu za malipo za nyumba za wazee nchi nzima: wastani wa wauguzi na wasaidizi walioondoka na kubadilishwa kwa mwaka ulikuwa asilimia 128. Yaani, kwa wastani huo, nyumba yenye nafasi 100 iliajiri zaidi ya watu 100 wapya ndani ya mwaka ili kuziba mapengo. Watu wasiokaa pamoja hata msimu mmoja hawawezi kujuana kiasi cha kuvumiliana.

Kwa upande wa muuguzi, chombo cha kwanza ni namna ya kukasimu kazi. Bodi za uuguzi za Marekani zinafundisha mambo matano ya kuhakikisha: kazi iwe inayofaa kukasimiwa, hali ya mgonjwa iruhusu, anayepewa awe anaiweza, maelekezo yawe wazi, na pawepo ufuatiliaji. Matatu ya kwanza hayana ubishi mwingi. Mawili ya mwisho ndiyo huachwa, na ndiyo yanayozaa ugomvi. Muuguzi anasema, "Mwangalie mama wa chumba namba 12," halafu anaondoka. Mwangalie nini? Kila baada ya muda gani? Akiona nini amwite? Maelekezo yenye maana yangekuwa: "Mama wa namba 12 alitapika usiku. Mpe maji kidogo kidogo kila unapopita, andika anachokunywa, na akitapika tena niite mara moja. Mimi mwenyewe nitapita saa 5." Ile saa 5 ina uzito mkubwa. Inamwonyesha msaidizi kwamba hakuachiwa mzigo, na inampa nafasi ya kusema jambo alilokuwa anasita kulitaja.

Kwa upande wa msaidizi, kipo chombo rahisi kilichotengenezwa na kundi la daktari Joseph Ouslander wa Florida Atlantic University, katika mpango uitwao INTERACT wa kupunguza safari zisizo za lazima za wazee kwenda hospitali. Ni karatasi yenye dalili 12 za kuwekea alama: anaonekana tofauti na kawaida yake, anaongea kidogo, anahitaji msaada zaidi, ana maumivu mapya, amekula kidogo, hajapata choo siku 3 au anaharisha, amekunywa kidogo, uzito umebadilika, ana wasiwasi, amechoka au amechanganyikiwa, ngozi imebadilika, anashindwa kutembea kama jana. Msaidizi hahitaji kujua ugonjwa ni gani. Anaweka alama, anamkabidhi muuguzi, na muuguzi anaandika jina lake na saa aliyopokea.

Karatasi hii inasifiwa sana, na inastahili, ila nyumba nyingi huisimamisha nusu ya njia. Habari inapanda, jibu halishuki. Msaidizi aliyeripoti kwamba mzee hali, kisha asisikie tena lolote, anaelewa kwamba alipuuzwa, hata kama muuguzi alimpigia daktari simu ndani ya nusu saa. Sentensi moja kabla ya zamu kuisha ingetosha: "Ulichoniambia kuhusu mzee wa namba 7, daktari ameagiza apimwe mkojo, asante." Kama kuna tabia moja ambayo wakurugenzi wa uuguzi wanapaswa kuidai kwa kila muuguzi, ni hiyo. Haigharimu senti, na inatibu malalamiko yaleyale ambayo Bowers aliyasikia.

Wapo wasaidizi ambao hata karatasi haiwasaidii kufungua mdomo, hasa waliolelewa kutobishana na mkubwa. Kwao kuna ngazi ya maneno inayofundishwa katika TeamSTEPPS, mafunzo ya kazi ya pamoja yaliyoanzishwa mwaka 2006 na idara za afya na ulinzi za Marekani, ambayo yana toleo la nyumba za wazee. Ngazi ya kwanza: nina wasiwasi. Ya pili: siridhiki na jambo hili. Ya tatu: hili linahatarisha usalama wa mgonjwa. Neno la tatu likitamkwa, yeyote aliyepo anatakiwa asimame na kusikiliza, bila kujali cheo. Ubora wake ni kwamba heshima inabaki mahali pake, maana anayesema hamtaji muuguzi kwa ubaya, anamtaja mgonjwa.

Ugomvi ukishawaka, mafunzo hayohayo yana utaratibu wa mazungumzo: eleza kilichotokea, sema kilivyokugusa, pendekeza njia, taja matokeo yake. Faraghani, si koridoni. "Jana uliniita mvivu mbele ya binti wa mgonjwa. Niliona aibu, na leo yule binti hanisikilizi tena. Ukiwa na neno nami, naomba uniite pembeni. Tutafanya kazi vizuri na familia itatuamini sote." Neno "daima" na neno "nyinyi" huharibu mazungumzo haya papo hapo, kwa sababu huhamisha kesi kutoka jana hadi kwenye tabia ya mtu, au ya kabila zima.

Dawa inayotumiwa zaidi na viongozi, kumhamishia msaidizi upande mwingine wa jengo, ndiyo mbaya kuliko zote. Inakata uhusiano wa mzee na mtu aliyemzoea, hasa mzee mwenye shida ya akili anayekubali kuogeshwa na mkono anaoujua tu, na inawafundisha wengine kwamba anayelalamika hufukuzwa. Wale wawili wakae na msimamizi aliyefundishwa kusikiliza. PHI, shirika lililoanzia Bronx, New York, mwaka 1991, limefundisha wasimamizi wa aina hiyo kwa miaka mingi: msimamizi anauliza kabla ya kuhukumu, kisha anaeleza tatizo waziwazi bila kuficha adhabu inayoweza kufuata.

Upatanisho una mpaka. Ikishukiwa kwamba mzee amepigwa, ameibiwa au ametelekezwa, hakuna la kupatanisha. Kanuni za shirikisho zinataka taarifa ifike kwa mamlaka ndani ya saa 2 ikiwa ni unyanyasaji au pana jeraha kubwa, na ndani ya saa 24 kwa mengineyo. Msaidizi anayeacha kumripoti muuguzi wake kwa woga, au muuguzi anayemficha msaidizi ili wasikosane, amevunja sheria.

Juu ya haya yote kuna idadi ya watu, maana hakuna maneno mazuri yatakayomtosha msaidizi aliyeachiwa wazee 18. Aprili 2024 serikali ya shirikisho ilitangaza kiwango cha saa 3.48 za uuguzi kwa kila mzee kwa siku, zikiwemo saa 2.45 za wasaidizi. Aprili 2025 mahakama ya shirikisho huko Texas ikakifuta. Kwa hiyo, nje ya majimbo yaliyoweka viwango vyake, kwa kiasi kikubwa ni mwenye nyumba anayeamua. Lakini tangu Januari 2022 tovuti ya serikali iitwayo Care Compare huonyesha, kwa kila nyumba ya wazee inayopokea fedha za bima za afya za serikali, Medicare au Medicaid, saa za wafanyakazi wikiendi na asilimia ya wanaoacha kazi kwa mwaka. Anayemtafutia mzazi pa kutunzwa huko, na anayetafuta kazi ya usaidizi vilevile, aisome kabla ya kutia saini, kisha akaulize mlangoni: hapa msaidizi akiona jambo, nani humjibu?