Damu na Figo (3): Sindano Inayouamuru Uboho

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulieleza jinsi figo zinavyochuja damu na jinsi kisukari na shinikizo la damu vinavyozichakaza. Leo tutazame jambo linalowashangaza wagonjwa wengi: kwa nini mtu mwenye ugonjwa wa figo huishiwa damu ilhali hakuvuja hata tone, na ile sindano anayochomwa hospitalini inafanya kazi gani.

Chembe nyekundu ya damu huishi takriban siku 120. Ili kufidia zinazokufa, uboho ulio ndani ya mifupa hutengeneza chembe mpya zipatazo milioni 2 kila sekunde. Lakini kasi hiyo uboho haujipangii. Figo ndizo zinazopima oksijeni inayozifikia. Ikipungua, hutoa homoni iitwayo erithropoietini. Homoni hiyo husafiri kwa damu hadi kwenye uboho na kuziokoa chembe changa zisife kabla ya kukomaa. Figo zikiharibika, amri hiyo hufifia. Ndipo mgonjwa anapotweta kwa kupanda ngazi chache tu, ndani ya kope pakapauka, na moyo ukamwenda mbio.

Zamani tegemeo la wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine lilikuwa kuongezewa damu. Iliwaokoa wengi, lakini kila chupa iliwarundikia madini ya chuma mwilini, na kinga ya mwili ikazoea kupambana na chembe za watu wengine, hata kupata figo ya kupandikizwa ikawa vigumu zaidi.

Safari ya kuipata homoni hii ilikuwa ndefu. Mwaka 1906, huko Paris, Paul Carnot na Clotilde Deflandre walidai kwamba majimaji ya damu ya sungura aliyetolewa damu, yakidungwa kwa sungura mwingine, humwongezea chembe nyekundu. Dai hilo lilibishaniwa kwa miongo kadhaa. Mwaka 1957, Leon Jacobson, Eugene Goldwasser na wenzao wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwatoa panya viungo mbalimbali. Waliokosa figo ndio walioshindwa kutoa homoni hiyo.

Ilibaki kuipata ikiwa safi. Takaji Miyake wa Japani alikusanya lita 2,550 za mkojo wa wagonjwa ambao uboho wao ulikuwa umeshindwa kutengeneza damu. Figo zao zilikuwa zikituma amri usiku na mchana bila kuitikiwa, kwa hiyo homoni ilijaa hadi ikatoka kwenye mkojo. Aliukausha, akaufunga kwa kitambaa cha hariri, akampelekea Goldwasser. Kufikia mwaka 1977 walikuwa wamepata miligramu chache tu. Hizo zilitosha kufungua njia: mwaka 1983 Fu-Kuen Lin wa kampuni ya Amgen aliipata jeni yake, seli za maabara zikaanza kuizalisha, na mwaka 1989 Marekani ikaidhinisha homoni hiyo itumike kama dawa ya sindano. Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za aina hii katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2017.

Sindano yenyewe ni ndogo. Mara nyingi dawa haifiki hata mililita 1, na huchomwa chini ya ngozi au kupitia mpira wa mashine, hadi mara tatu kwa wiki. Hutunzwa kwenye friji katika nyuzi 2 hadi 8, isigande wala isitikiswe. Matokeo huonekana baada ya wiki 2 hadi 6. Kwa hiyo mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria kali, au mama anayevuja damu baada ya kujifungua, haokolewi na sindano hii. Anahitaji damu, na anaihitaji sasa.

Tena, dawa hii haileti damu. Inauagiza uboho uitengeneze. Uboho usipokuwa na madini ya chuma, agizo halina wa kulitimiza. Ndiyo maana daktari makini hupima kwanza akiba ya chuma, na ikiwa ndogo huijaza.

Hatari kubwa zaidi ni kuzidisha. Utafiti uliotangazwa mwaka 2006 na 2009 ulionyesha kwamba wagonjwa wa figo waliolengwa kufikishwa gramu 13 au zaidi za hemoglobini (kibeba oksijeni cha damu) kwa desilita hawakuishi vizuri zaidi. Maradhi ya moyo na kiharusi viliongezeka. Mwaka 2007 Marekani iliiwekea dawa hii onyo kali. Siku hizi madaktari wengi huridhika na gramu 10 hadi 11.5. Wanariadha wanaojidunga ili wakimbie zaidi, wakiwemo wa Kenya waliofungiwa kwa kosa hilo, huifanya damu yao kuwa nzito, na damu nzito huganda.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usinunue sindano hii dukani kwa sababu jirani alisema ilimfaa. Kabla ya kuchomwa, uliza hemoglobini yako ni ngapi, akiba yako ya chuma ni kiasi gani, na shinikizo lako la damu limepimwa lini. Daktari mzuri hatachukizwa na maswali hayo, kwa kuwa kipimo ndicho kinachotenganisha tiba na sumu.

Wiki ijayo: vyakula na vidonge vya chuma.