Kasi ya Mrusho na Usalama wa Kiwiko kwa Warushaji Chipukizi wa Besiboli: Mfano wa Uganda

Mwaka 2012 timu ya Lugazi, Uganda, ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League huko Williamsport, Marekani. Kwa kanuni za Little League, mrushaji wa miaka 11 hadi 12 hazidishi mirusho 85 kwa siku. Akifikisha 66 hupumzika siku nne. Kikomo hicho kina msingi wa kianatomia. Kasi ya mpira huanzia miguuni, hupanda kiunoni na kiwiliwilini, ndipo humalizikia mkononi. Miguu ikichoka, mkono hulazimika kufidia, na mvutano huangukia upande wa ndani wa kiwiko, ambako gegedu la ukuaji la mtoto bado halijawa mfupa. Kwa hiyo kuimarisha miguu na kiwiliwili huongeza kasi bila kukitwisha kiwiko mzigo wote.

Hata hivyo, hesabu ya mechi haigusi mirusho ya mazoezini. Kanuni humzuia aliyerusha mara 41 au zaidi kuwa mdakaji siku hiyohiyo, kwani mdakaji naye hurusha mfululizo. Lakini katika mazoezi ya kikosi chenye wachezaji wachache, mtoto mwenye mkono mzuri ndiye hupewa kazi zote mbili.