Nguvu ya Mche wa Kuzuia Jasho

Mche wa kuzuia jasho ni chumvi ya alumini iliyosagwa laini, ikachanganywa na nta na mafuta mepesi vilivyoyeyushwa, kisha ikagandishwa ndani ya kopo la plastiki ili ipakwe kwapani ikiwa kavu. Madukani hupangwa rafu moja na deodoranti, na wanunuzi wengi huviita vyote kwa jina moja. Kazi za viwili hivyo, hata hivyo, ni tofauti. Deodoranti hupambana na kikwapa: ina manukato na dawa ya kupunguza bakteria, na jasho huliacha litoke. Kizuia jasho huziba njia ya jasho lenyewe, na kwa kuwa bakteria hustawi penye unyevu, harufu nayo hupungua.

Mwili wa mtu mzima una tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4. Nyingi ni za ekrini, zinazotoa maji yenye chumvi kidogo ya kuupoza mwili. Kwapani zipo pia tezi za apokrini, ambazo huanza kazi wakati wa balehe na kutoa majimaji mazito yenye mafuta na protini. Majimaji hayo hayanuki yanapotoka. Bakteria wa ngozi, hasa wa jamii ya Corynebacterium, ndio wanaoyavunjavunja na kuacha asidi na viambata vya salfa ambavyo pua huvitambua mara moja. Unyevu unaolowesha nguo hutoka zaidi katika tezi za ekrini, na mche hutengenezwa kwa ajili ya hizo.

Namna alumini inavyofanya kazi inaeleweka vizuri kwa kutazama shabu. Maji ya tope yakitiwa shabu na kukorogwa, alumini iliyomo hugeuka vipande laini vya utelezi ambavyo hunasa udongo na kuzama nao chini, maji yakabaki maangavu. Jambo la namna hiyo hiyo hutokea kwapani, ila mahali pake ni padogo kuliko tundu la sindano. Chumvi ya alumini huyeyuka ndani ya jasho na kupenya mdomo wa mrija wa tezi. Humo ndani jasho huupunguza uasidi wake, nayo hugeuka jeli, hushikamana na protini na kuwa kizibo. Tezi haifi wala haidhuriki. Hufungiwa mlango kwa muda. Ngozi ya juu inapoendelea kujiambua na kujifanya upya, kizibo hung'oka na jasho hurudi kama mwanzo.

Maelezo hayo yana masharti mawili yanayotawala kila uamuzi wa mtengenezaji. Chumvi sharti iyeyuke haraka ndani ya jasho, na isigande kabla haijaingia ndani ya mrija. Shabu yenyewe, ambayo watu wa pwani wameisugua kwapani tangu zamani, hushindwa katika hatua ya kwanza: jiwe lililoloweshwa huacha juu ya ngozi tabaka jembamba sana la alumini. Hupunguza harufu, lakini haikaushi kwapa kama chumvi za kiwandani. Na wanaoiuza kwa kusema kwamba haina alumini wanakosea, kwa sababu shabu ni salfeti ya alumini na potasiamu.

Chumvi ya kwanza kutumika ilikuwa kloridi ya alumini. Kizuia jasho kilichoitwa Everdry kilianza kuuzwa Marekani mwaka 1903, na miaka michache baadaye Edna Murphey akaitangaza Odorono, dawa ya maji ambayo baba yake, aliyekuwa daktari wa upasuaji, aliibuni ili mikono isitoke jasho kazini. Dawa hizo zilizuia jasho kwelikweli, lakini uasidi wake ulikuwa mkali: ngozi iliwasha, nguo zililika. Katika miaka ya 1940 ikaja klorohidrati ya alumini, chumvi ambayo sehemu kubwa ya uasidi wake imekwisha kupunguzwa kiwandani, nayo ikawa msingi wa vizuia jasho vya kisasa. Baadaye yakaongezwa madini ya zirikoni, ambayo hugeuka jeli upesi zaidi na kufanya kizibo imara. Zirikoni hufungamanishwa na glisini, asidi amino ya kawaida, ili isijikusanye mapema na kupoteza nguvu. Marekani ilipiga marufuku zirikoni katika vizuia jasho vya kupuliza mwaka 1977, kwa kuhofia madhara ya kuvutwa mapafuni. Ndiyo maana leo hupatikana katika miche, krimu na chupa za mpira unaozunguka.

Kwa anayetaka mche wenye nguvu zaidi, njia inayokuja akilini kwanza ni kuongeza chumvi. Njia hiyo ina ukomo. Kanuni za Marekani zilizokamilishwa mwaka 2003, ambazo huvihesabu vizuia jasho kuwa dawa, zinaruhusu klorohidrati ya alumini hadi asilimia 25 na chumvi za alumini na zirikoni hadi asilimia 20. Zaidi ya sheria, mche uliojazwa unga kupita kiasi hukwaruza, humeguka, na huacha kwapa jeupe kama lililopakwa chokaa. Faida kubwa hupatikana kwa kuboresha chumvi yenyewe.

Ndani ya klorohidrati ya kawaida, alumini haikai chembe mojamoja. Hujiunga katika vifundo, vingine vidogo, vingine vikubwa. Vile vikubwa hupenya mrija kwa shida, na vingi huishia mlangoni. Wanakemia waligundua kwamba chumvi hiyo ikiyeyushwa katika maji mengi, kiasi cha sehemu moja kwa kumi, na kupashwa moto kwa saa kadhaa karibu na kiwango cha kuchemka, vifundo hujipanga upya na vidogo vikaongezeka. Chumvi iliyopitia moto huo huitwa iliyoamshwa. Tatizo lake ni kwamba ikiachwa ndani ya maji hurudi polepole katika hali yake ya zamani, hivyo hukaushwa papo hapo kwa kurushwa kama ukungu ndani ya hewa ya moto mpaka iwe unga. Hapa mche una heri kuliko dawa za maji: hauna maji ndani yake, na chumvi iliyoamshwa hubaki macho mpaka siku itakapokutana na jasho.

Ugumu mkubwa umo katika kile kinachoibeba chumvi. Mche wa kawaida huwa na silikoni nyepesi inayoruka hewani, iitwayo saiklopentasiloksani, kwa asilimia 40 hadi 50. Alkoholi ya stearili, nta nyeupe inayoyeyuka karibu na nyuzi 59 za Selsiasi, huchukua asilimia 15 hadi 20. Huongezwa nta ya mafuta ya mbarika yaliyogandishwa kwa hidrojeni, asilimia 2 hadi 5. Hii huyeyuka karibu na nyuzi 85 na ndiyo inayousimamisha mche wakati wa joto. Inayobaki, mbali na chumvi yenyewe, ni talki au silika, mafuta ya kulainisha na manukato. Karibu kila kitu katika orodha hiyo, ukiiacha chumvi, hakipendi maji. Nta inayoupa mche ugumu ndiyo hiyo inayoweza kuizingira chembe ya chumvi na kuifungia mbali na jasho. Miche miwili inaweza kuwa na chumvi ileile kwa kipimo kilekile, mmoja ukakausha kwapa na mwingine ukashindwa, kwa sababu tu ya nta.

Silikoni nyepesi ilipendwa kwa sababu huteleza vizuri, kisha huruka na kuiacha chumvi wazi. Lakini chumvi iliyoachwa kavu hutawanya mwanga, nayo huonekana nyeupe kwenye ngozi na kwenye nguo nyeusi. Dawa ya weupe huo ni mafuta yasiyoruka ambayo hupinda mwanga kwa kiwango kinachokaribia cha chumvi, kama mafuta ya jamii ya benzoati. Chembe zikizungukwa nayo hazionekani sana. Hapo mtengenezaji hukamatwa pande zote mbili, maana mafuta yanayoficha weupe ndiyo yanayochelewesha maji kuifikia chumvi. Anayetafuta nguvu zaidi hupunguza mafuta hayo mpaka kiasi cha chini kinachovumilika, husaga chumvi laini zaidi ili iyeyuke upesi, na huweka kiasi kidogo cha kiambata kinachopenda maji ili kiyavute ndani ya tabaka la nta. Kusaga nako kuna mpaka: unga laini mno huufanya mchanganyiko kuwa mzito kama ugali, ukakataa kumiminika.

Wengine wameacha ugumu wa mche kabisa. Hutumia nta chache na kutengeneza krimu nzito inayosukumwa kupitia matundu madogo ya kopo. Nta ikipungua, chumvi hufunguka. Bidhaa nyingi zinazouzwa kama za nguvu ya kitabibu zimejengwa kwa namna hiyo. Silikoni nayo inatafutiwa mbadala, kwa kuwa hudumu muda mrefu katika mazingira, na Umoja wa Ulaya umeamua kuibana hata katika vipodozi vinavyobaki mwilini, kuanzia Juni 2027. Mafuta mepesi ya jamii ya alkani yanaweza kushika nafasi yake, ingawa mengi huruka kwa mwendo tofauti, na mchanganyiko hulazimika kupimwa upya tangu mwanzo.

Upishi wenyewe huweza kuharibu hesabu nzuri. Nta huyeyushwa ndani ya mafuta hadi karibu nyuzi 85, joto likateremshwa kidogo, chumvi ikamwagwa taratibu huku ikikorogwa kwa nguvu ili isifanye mabonge. Manukato hutiwa mwisho, kwa kuwa joto huyarusha. Kisha mchanganyiko hupozwa mpaka ukaribie kuganda, na hapo ndipo humiminwa. Chumvi ni nzito kuliko mafuta. Ikimiminwa ya moto mno huzama, na mnunuzi hupata kopo lenye ncha dhaifu na kitako kilichojaa unga. Ikimiminwa ya baridi mno, mche huwa na matabaka na mashimo. Nta ikipoa ovyo hujenga fuwele kubwa, na mche huvunjika mkononi. Kwa soko la Dar es Salaam au Mombasa, makopo hujaribiwa pia kwa kuwekwa wiki nyingi katika nyuzi 40 hadi 45, ili ijulikane kama silikoni itatoka jasho juu ya mche au mche utainama.

Madai ya nguvu hupimwa kwa mizani. Watu wanaojitolea huacha vizuia jasho kwa siku kadhaa, kisha hupakwa dawa kwa kipimo maalumu. Huketi katika chumba chenye joto la nyuzi 38 hivi, pamba iliyopimwa uzito ikiwa kwapani, na pamba hiyo hupimwa tena baadaye. Chini ya kanuni za Marekani, dawa hukubaliwa ikiwa angalau nusu ya watumiaji wanapungukiwa jasho kwa asilimia 20 au zaidi. Inayotaka kujiita ya nguvu ya ziada lazima ifikie asilimia 30. Viwango hivyo ni vya chini kuliko mnunuzi anavyodhani asomapo kopo, na hakuna mche unaokausha kwapa kabisa.

Kuhusu usalama, vipimo vimeonyesha kwamba alumini inayopenya ngozi ni sehemu ndogo sana ya ile iliyopakwa. Kamati ya kisayansi ya Ulaya iliridhia mwaka 2020 alumini hadi asilimia 6.25 katika bidhaa zisizopulizwa, na uhusiano na saratani ya matiti haujathibitishwa. Onyo linalostahili kuzingatiwa ni la wagonjwa wa figo, ambao miili yao hutoa alumini kwa shida; hao hutakiwa kumuuliza daktari kwanza.

Mche uleule hufanya kazi zaidi ukipakwa usiku, baada ya kuoga na kulikausha kwapa vizuri. Usiku jasho ni kidogo: linatosha kuiyeyusha chumvi, halitoshi kuisukuma nje ya mrija. Vizibo hupata saa kadhaa za kukomaa, na kuoga asubuhi hakuving'oi, kwa kuwa vimekwisha kuingia chini ya uso wa ngozi. Ukipakwa juu ya kwapa lililolowa, wakati wa kutoka nyumbani kukimbilia daladala, sehemu kubwa ya chumvi huoshwa na jasho na kuishia kwenye nguo.